Safu ya Mjomba

Miaka ile ya ruksa mji wa Masasi ulijaa magari yenye nembo milangoni. Kila gari lilikuja na jambo lake: la visima, la chanjo, la unga wa salfa wa kupulizia mikorosho, na moja la vyoo ambalo watoto walilipenda kuliko yote kwa sababu dereva wake aliwapa lifti. Duka la ushirika lilikuwa limebaki na rafu tupu na karani mmoja anayesinzia, na nje yake mitumba ilimwagwa kwenye turubai, watu wakipigania mashati ya kafa Ulaya. Wanunuzi wa korosho walikuja na mizani zao wenyewe. Kila mtu ruksa. Na kila gari lilikuwa na fomu yake.

Watu wa vijijini walihesabiwa mpaka wakazoea. Kuna mama mmoja wa Chiwata, hata sijakalia kigoda alichonipa, akanianzia mwenyewe: "Kaya moja, watu sita, choo kipo, mikorosho ipo, redio haipo. Andika, mwanangu, uwahi gari lako." Mama huyohuyo kwenye fomu za visima alikuwa mkuu wa kaya. Kwenye fomu za salfa alikuwa mke wa mkulima, na huyo mkulima alikwisha kwenda Tanga kutafuta maisha, hakurudi. Kwenye fomu za chanjo alikuwa bibi wa mtoto. Yote yalikuwa kweli, ila ukiziweka fomu hizo mezani pamoja ungeapa ni wanawake watatu wanaotumia jiko moja.

Mimi nilikuwa karani wa mfuko mdogo wa masomo. Kazi ya mfuko ilikuwa kuwapeleka sekondari watoto waliofiwa na baba, maana shule za serikali zilichukua wachache, na hizi mpya za binafsi na za makanisa zilitaka ada ambayo mjane wa mikorosho michache hana pa kuitoa. Ofisi yetu ilikuwa chumba nyuma ya ghala la pembejeo. Salfa ilikuwa imeingia mpaka kwenye kuta, na mgeni yeyote aliyeketi kwa muda alianza kupiga chafya. Humo ndimo ilimowekwa kompyuta yetu ya kwanza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate, na ikiwashwa, jenereta ya mji nayo ikakubali, sote tulinyamaza kidogo kwa heshima.

Mratibu wetu alikuwa mtu wa bara. Nasema hivyo bila ubaya, nilimpenda sana. Alikuwa mpole na mwaminifu, na alitoka kwenye watu ambao kwao mtoto ni wa baba na shamba ni la baba. Sisi wa kusini alituchukulia kama watu wema wenye mambo yao. Mimi nilizaliwa Newala, nikalelewa na kaka wa mama yangu, na nilikuwa na hasira za karibu. Mratibu alizijua, akawa ananiletea karanga kabla ya kunipa habari mbaya.

Kabla ya kompyuta kuanza kazi alikuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kutufundisha. Nilitarajia bwana mwenye tai, akashuka dada mfupi mwenye sauti ya chini, amejaa vumbi la barabara, mkononi ana embe bichi na chumvi ndani ya karatasi. Nilimwonyesha kwa fahari fomu niliyoichora mwenyewe kwa rula, usiku wa siku tatu nzima, yenye safu za kila kitu nilichoona kinafaa kujulikana kuhusu mtoto wa kusini. Aliitazama, akasifu mistari yangu, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukichezacheza. Nilinuna mpaka chakula cha mchana.

Tulipokula ndipo aliponieleza. "Wilaya zote zinajaza fomu moja. Unajua kwa nini? Ili mtoto wa Newala na mtoto wa Masasi na wa kule Lindi wakiwekwa pamoja, pasiwe na mtu wa kukaa kubashiri. Sasa kila mmoja akijichorea yake, hata iwe nzuri kama hii yako, tutarudi kule kwenye magari, kila moja na fomu yake."

"Na kama kuna kitu chetu ambacho hakimo?" niliuliza, bado nimevimba.

"Kiongezeni pembeni. Cha watu wote msikiguse, maana yake ibaki ileile. Penye baba akae baba. Si babu, si padri, si shehe. Chenu kiwekeni kwenye karatasi yake, na mtoto awe na namba ileile huku na huku, ili karatasi zikutane. Asiyewajua atasoma ya kwanza, itamtosha. Anayewajua atasoma zote mbili."

Nilimwelewa kwa kichwa. Moyo ulichelewa kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeipenda mistari yangu.

Fomu ya pamoja ilikuwa fupi. Namba ya mtoto, jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, baba, baba yu hai au amefariki, mama, mama yu hai au amefariki, shule. Wajazaji walikuwa watu wa vijijini wenyewe. Chilangala, upande wa Newala, alijaza mwalimu wa madrasa mwenye mwandiko wa kupendeza. Chiwata alijaza mama mmoja kiongozi wa umoja wa akina mama kanisani, mwanamke mwenye huruma ambaye akikukuta unalia anakaa na yeye analia, kazi itamngojea.

Tuliingiza yote kwenye mashine kwa wiki kadhaa. Siku printa ilipomaliza kulia na karatasi ndefu ikaanguka nyuma ya meza, mratibu aliichukua, akaisoma amesimama. Halafu akafunga mlango. Akatoa karanga.

"Dada," alisema kwa sauti ya msibani, "Chiwata kuna jambo zito. Huyu mzee wa kanisa, mnayemsifu kila siku. Tazama. Ana watoto kwa wanawake watatu." Akameza mate. "Na hawa wanawake ni wa ukoo wake. Nimeulizia. Ni dada zake."

Nilianza kucheka. Nilijaribu kujizuia kwa kumwonea huruma, uso wake ulikuwa umemshuka kabisa, lakini kila nikimtazama kicheko kinaanza upya. Nilicheka mpaka nikashika meza, salfa ikanipanda puani, nikawa nacheka na kupiga chafya. Yeye alidhani nimepatwa na mshtuko, akaniletea maji.

Nilipopata pumzi nilimweleza. Huku kwetu, Wamakonde, Wayao na Wamakua sote, mtoto ni wa upande wa mama. Baba anapendwa, anaheshimiwa, analima pamoja na mkewe na watoto wanamlilia akisafiri. Lakini ukiuliza mtoto huyu ni wa nani, nani atasemeshwa akiugua, nani atakaa mbele siku ya kuposwa kwake, jibu ni mjomba. Dada za mtu na watoto wao ndio mbumba yake, watu walio chini ya kwapa lake, na mwanamume wa kusini hupimwa kwa jinsi anavyoishika mbumba. Yule mzee alikuwa na dada watatu, wawili wajane, na aliwashika wote. Kwa hiyo alikuwa amejaa kwenye safu ya baba kwa sifa njema kabisa.

"Lakini fomu inauliza baba," mratibu alisema.

Fomu iliuliza, mjazaji hakuuliza. Nilimfuata yule mama wa kanisani baadaye nikamwomba anieleze, akanishangaa mimi. "Mwanangu, niende kwa mfiwa, watoto wake wamekaa pale wananitazama, nimwambie haya, baba yao yuko hai au amekufa? Si namtonesha? Niliwauliza wote, mtoto huyu anasimamiwa na nani. Wakanijibu, nikaandika." Alikuwa amefanya hivyo nyumba hata nyumba. Na pale penye hai au amefariki alijaza hai, maana mjomba alikuwa hai, ameketi hapohapo anakoroga uji wa mgonjwa. Sikuweza kumkasirikia, na mimi kutokasirika ni kazi. Kule Chilangala yule mwalimu aliuliza kama fomu ilivyotaka, akaandika marehemu, kisha akaona si haki kumwacha mjomba nje akambana pembeni ya karatasi kwa herufi ndogo. Hizo herufi kompyuta haikuwa na mahali pa kuziweka, nasi hatukuziingiza.

Mambo yalikuwa ya kuchekesha, ingawa nakala ya orodha ilikuwa imekwisha kwenda mkoani, mpaka alipokuja mama wa binti mmoja.

Alikuwa dada mdogo wa yule mzee wa kanisa, mjane. Nilimwita kwa jina la binti yake, kama ilivyo adabu, na binti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake amevaa sare ya shule ya msingi aliyokwisha kuimaliza, kwa kuwa ndiyo ilikuwa nguo yake nzuri. Shule moja ya bweni upande wa Newala ilikuwa imekubali kumpokea. Kilichobaki ni mfuko kumchukua, na majina ya waliochukuliwa yalikuwa yamebandikwa mlangoni kwetu tangu asubuhi. Lake halikuwamo. Walikuwa wamesoma karatasi ile juu hadi chini, binti akimsomea mama yake, halafu wakaisoma tena.

Mama hakulalamika. Aliuliza tu, "Mwanangu amekosa nini?"

Nililifungua jalada nikijua nitakachokikuta. Baba: mjomba wake. Hali: yu hai. Baba mwenyewe alikufa kwa kifua binti akiwa anatambaa, na hakuwako popote ndani ya ofisi yetu. Kwa macho ya mkoa huyu alikuwa mtoto mwenye baba mzima, mzee wa kanisa, na mfuko haukuwa wa watoto wa namna hiyo. Gari la kupeleka masahihisho mkoani lilikuwa linaondoka mwisho wa wiki. Baada ya hapo nafasi ingepewa mwingine, na msichana aliyekosa kidato cha kwanza mwaka ule, mwaka unaofuata mara nyingi alikuwa na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimesoma na wengi wa namna hiyo.

Mratibu alikuwa na wazo. "Tubadili kichwa cha safu. Badala ya Baba tuandike Msimamizi. Tutakuwa tumewaheshimu na fomu itakuwa kweli."

Nilifurahi, nikataka kumkumbatia. Yule dada wa Dar alikuwa bado yupo, anafunga mizigo. "Mkoani kuna wilaya nyingine zimeandika baba kweli," alisema bila kugeuka. "Watamwaga yenu na yao kwenye debe moja, mchele na mahindi, halafu waliite debe la mchele. Binti yenu bado atakuwa na mtu aliye hai kwenye safu ya baba. Mmebadili maandishi ya huku, kule hawajui."

"Basi tumfute mjomba tuandike marehemu," alisema mratibu.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi anasikia. Alisema polepole, akitazama miguu yake yenye vumbi, "Mkimtoa kaka yangu, mimi nitarudi kwa nani? Atasema nimemkana nipate shule. Siweki kidole mpaka aseme mwenyewe."

Mratibu alinitazama. Aliona kama mwanamke anachezea bahati ya mtoto wake. Mimi niliona jambo lingine. Kwake yeye kaka ndiye paa na ndiye ukuta, na sisi tulikuwa tunamwomba avue paa lake ili mtoto apate dawati. Nilichukua fomu mbili tupu na rula yangu, nikawapandisha mama na binti, nikamwambia dereva awashe gari.

Chiwata ilikuwa msimu wa korosho. Kila ua ulinuka mabibo yaliyoanza kuchacha, utamu na uchungu pamoja. Mzee tulimkuta barazani kwake, ameketi mbele ya chungu ya mabibo, ananyonga korosho moja moja kuitoa kwenye bibo na kuitupa kwenye kikapu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa mguu gani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kunitoa."

"Sikuja kukutoa. Nimekuja kukuhamisha."

"Kwenda wapi?"

Nilimwonyesha. Nilikuwa nimechora njiani, gari likirukaruka, kwa hiyo mistari haikuwa ya kujivunia. Karatasi ya pili ilikuwa na namba ya mtoto, ileile ya karatasi ya kwanza, na mbele yake safu moja tu: Mjomba. Nikamweleza kwamba ya kwanza ni ya watu wote, na kwamba kwao mtu wa kwanza kuulizwa ni baba.

"Hata kama kafa?"

"Hata kama kafa."

Alinyonga korosho nyingine. "Wanamuuliza maiti. Mimi niliye hai wananiruka."

Binti alikuwa amechuchumaa karibu na kikapu, naye ameanza kunyonga korosho, maana kwao hukai tu ukimtazama mkubwa anafanya kazi. Mzee alimtupia jicho.

"Huyu alipopata degedege nilimbeba mimi mpaka hospitali ya misheni, mvua inanyesha. Alipochezwa unyago, niliyesimama ni mimi. Leo anataka kwenda kusoma, mnasema nikae karatasi ya pili." Hakupandisha sauti. "Hiyo ya pili inasomwa na nani?"

Hapo ningeweza kumdanganya, na alikuwa mtu wa kudanganyika kirahisi kwa sababu hakuwa mwongo. "Sisi tutaisoma," nilisema. "Nitaifunga pamoja na ya kwanza, iende nayo mpaka mkoani na mpaka shuleni. Huko kama wataisoma, sijui, mzee."

"Hujui."

"Sijui."

Aliendelea na korosho zake kwa muda. Nilisikia jogoo wa jirani, na dereva akifungua na kufunga boneti bila sababu. Kisha akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokwisha kuwa cheusi chenyewe, akasema, "Ungesema wataisoma ningekufukuza. Andika."

Akalitaja jina la shemeji yake. Alilitaja lote, na la baba yake marehemu, na kijiji alichozaliwa, polepole kama mtu anayemwekea mgeni kiti. Dada yake aliinua ncha ya khanga akajifunika mdomo. Baadaye aliniambia kwamba jina lile lilikuwa halijatamkwa uani pale tangu msiba, kila mmoja akimhofia mwenzake. Binti aliacha korosho mkononi. Nilimwona anaitembeza midomo, anajifunza jina la baba yake.

"Alikuwa shemeji mzuri," alisema mzee. "Alijua kutengeneza mipini ya majembe, haikuvunjika. Andika amefariki."

Niliandika. Machozi yalinilengalenga nikajifanya naikagua kalamu. Kisha nikaijaza karatasi ya pili, na mama akaweka kidole, na mzee akatia sahihi yake ya kanisani yenye mikia. Aliishika ile karatasi mbali na macho, akaona mstari wake mmoja katikati ya weupe wote ule.

"Mbona nimekaa peke yangu?"

"Wewe ndiye wa kwanza, mzee."

"Basi watafute wenzangu," alisema, akarudi kwenye mabibo.

Tukawatafuta. Siku zilizobaki tulizunguka mpaka Lulindi, na yule mama wa kanisani alikwenda nami, akiwauliza wajane swali ambalo hakutaka kuwauliza, akilia nao kidogo, tukiandika. Yule mwalimu wa Chilangala nilimpelekea karatasi ya pili nikidhani nitamwongezea kazi. Alishangilia kama mtu aliyepewa chumba cha ziada, akawatoa wajomba wote pembeni walikobanwa akawapanga vizuri kwa mwandiko wake. Mratibu naye aliingia kundini. Yeye ndiye aliyebuni kuongeza, kwenye karatasi hiyohiyo yetu, mahali anapolala mama msimu wa kulima, maana mara ngapi tuliwahi kumfuata mtu nyumbani tukakuta mlango umefungwa kwa mti na wote wamehamia shamba. Alinitazama kwa aibu kidogo. "Hata kwetu bara ingefaa," alisema.

Binti alichukuliwa. Jina lilipobandikwa mama yake alipiga vigelegele pale mlangoni mpaka wauza mitumba wakaja kutazama nani anaoa. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kwa furaha, na salfa ikanisaidia kuwa na kisingizio.

Mkoani karatasi ya pili haikusomwa. Dada wa Dar alikuwa ameniambia: asiyeijua ataipita, na ya kwanza itafanya kazi bila kuharibika. Aliyasema hayo kama sifa, na ni sifa kweli. Ya kwanza ilifanya kazi. Shule nayo ikaletewa orodha iliyotokana na ile ya kwanza, safi, kila baba kwenye safu ya baba.

Muhula ule wa kwanza nilitumwa Newala siku ya wazazi kupeleka vifaa vya wanafunzi wa mfuko. Asubuhi kule juu ukungu ulikuwa bado umeshika. Nilipokaribia geti la shule nilimwona mzee amesimama kando, amevaa koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, miguuni ana kikapu kilichofunikwa kwa khanga. Ndani yake, nilikuja kujua, mlikuwa na korosho za kukaanga na ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini inayomshibisha mtoto wa kusini akiwa mbali na kwao. Dada yake alikuwa mgonjwa. Alikuwa amekuja yeye, na alikuwa ameondoka Chiwata tangu jana yake.

Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, ameketi kwenye kiti kilichoziba geti, ameweka karatasi gotini. "Nimeshamweleza mzee," aliniambia, akifurahi kupata mtu wa ofisi. "Ni wazazi tu, kwa sababu kumekuwa na vijana wanaingia wakijiita makaka. Baba hapa imeandikwa amefariki. Mama ni mwanamke. Sasa yeye ni nani?"

"Ni mjomba wake!"

"Dada, mjomba namjua. Hata mimi ninaye, ndiye aliyeniozesha. Lakini karatasi hii haina mjomba."

"Ipo ya pili," nilisema. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, wageni wengine walianza kugeuka. "Ipo ya pili, nimeiandika kwa mkono wangu, imetumwa pamoja na hiyo!"

"Hiyo ya pili sijapewa."

Nilitaka kuipasua ile iliyo gotini kwake. Mzee alinishika kiwiko. "Acha, mama. Ulisema hujui. Hukunidanganya." Kisha akamgeukia mlinzi, akamwomba kwa adabu tu kama anaweza kumpelekea mtoto kikapu.

Binti alikuwa amekwisha kutuona. Alikuja mbio kwenye kiwanja, sare ya bluu mpya inampwaya mabegani, akafika getini akapiga magoti ndani ya vumbi la upande wake. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umenenepa. Mama yako ana homa kidogo, anakusalimu. Chukua hiki, nenda kale na wenzio. Nimekuona, inatosha."

Binti hakukichukua kikapu. Alisimama, akamtazama mjomba wake nje ya fito za geti, akanitazama mimi, kisha akamgeukia mlinzi. "Kwa nini haingii?"

"Hayumo kwenye orodha, mwanangu. Siyo mimi, ni orodha."

Alikuwa msichana mpole, sijawahi kumsikia akimjibu mkubwa, na hata hapo hakujibu kwa ukali. Alisema kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

"Basi na mimi nitoe kwenye hiyo orodha."

"Nyamaza!" alisema mzee, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti. "Unajua tulivyokupata hapo? Rudi ndani ukasome!"

Hakurudi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika fito. Mlinzi aliitazama karatasi yake, halafu akaikunja akaiweka mfukoni, akainuka, akakivuta kiti chake kando, akalifungua geti.